Uzi Haukatwi kwa Kisu

Fundi alimwambia mkewe kwamba anahama, jioni ya Jumapili, mke akiwa kwenye kochi karibu na dirisha anafunga utosi wa kofia.

"Nataka kuhama," alisema.

"Subiri kidogo," mke akajibu bila kuinua kichwa. "Nikipoteza hesabu hapa, utosi unapinda."

Fundi akasubiri. Kusubiri alikuwa anakujua. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za maghorofa, na fundi wa lifti mwenye papara hazeeki. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe, hata mama yake mzazi akiwa na hasira naye. Alisimama na mikono mifukoni, akitazama sindano mbili ndefu zikigongana, vitanzi viwili vikiwa kimoja, vingine viwili vikiwa kimoja, mpaka vikabaki vichache. Mke akapitisha uzi katikati yake, akaukaza, utosi ukajifunga kama mdomo wa mfuko. Ndipo akainua macho.

"Umesema?"

"Nataka kuhama. Nimepata chumba."

"Tunahama?"

"Mimi."

Mke aliitazama kofia iliyokuwa mapajani mwake, akaona imetoka vizuri. Akangoja kitu kimpande kifuani: hasira, kilio, hata kicheko kingetosha. Hakikupanda kitu. Ilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unaujua ni wako, unaugusa, haukujibu. Ganzi tupu.

"Pasi utachukua?" akauliza.

"Hapana. Baki nayo."

"Na mashati yako?"

"Nitayavaa na mikunjo yake."

Alifungasha nguo na sanduku lake la vifaa. Mlangoni akasimama tena, mkono kwenye kitasa.

"Huna la kusema?"

"Ufunguo unao, au nifunge kwa ndani?"

Fundi akauweka ufunguo juu ya meza, akashuka kwa ngazi. Jengo lao halikuwa na lifti. Mkewe alisikia hatua zake zikishuka ghorofa moja baada ya nyingine, kisha akachukua bonge jingine la uzi, la kijani, akaanza kofia nyingine.

Kazini kwa mkewe kulikuwa ni ghala la baridi, mahali kuku walipogandishwa, kupimwa na kufungwa kwenye maboksi. Nje jua lilikuwa linalainisha lami. Ndani, pumzi ilikuwa inatoka mdomoni kama moshi. Kampuni iliwapa makoti mazito, glavu na mabuti, lakini kichwani waliwapa kifuko cha plastiki cha kuzuia nywele, kama vile masikio hayakuwa ya mfanyakazi. Ndiyo sababu miaka ya nyuma yeye alikuja na kofia yake ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Jirani yake wa mezani akaitamani, akamfumia. Akafuata wa mashine ya kufungia maboksi, akafuata mfagiaji, mwisho ghala zima likawa linavaa kofia zake. Nyingine alizifuma kwa sindano mbili, nyingine kwa kulabu ya kroshia, kutegemea kichwa. Ilikuwa starehe yake, kama wengine wanavyopenda mpira. Hakuuza hata moja. Ukimuuliza bei, alikutazama kama umemuuliza bei ya salamu.

Huko wakamwita Mama Kofia. Hakuwa na mtoto, na mwanzoni watu walipoanza kulitumia jina hilo walikuwa wanaona haya kulitamka. Baadaye wakazoea, na yeye akazoea.

Aliyezoea kuliko wote ni yule jirani wa mezani, mwanamke waliyempa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kofia yake ilikuwa ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe, na ilikuwa na vifuniko vya masikio. "Wewe masikio huyatumii," Mama Kofia alimwambia siku anampa, "kwa hiyo nimekufunikia."

Habari za Fundi kuhama zilimfikia Redio kabla ya saa ya chai, haijulikani kutoka wapi.

"Shoga, ni kweli?"

"Kweli."

"Kweli, na umekuja kupima kuku?"

"Kuku watajipima?"

Redio akamtazama usoni akitafuta pa kumwonea huruma, asipaone. Mama Kofia aliweka boksi juu ya mizani, akasoma, akabandika lebo, akasukuma. Akaweka jingine. Siku ile ilikwisha, na ya kesho yake ikaja ikakwisha vilevile. Nyumbani alikula, akafuma, akalala, na usingizi ulikuja bila kubembelezwa. Hicho ndicho kilichomshangaza. Alikuwa amesikia kwamba wanaoachwa hawalali.

Bi Ukoko alifika siku ya Jumamosi, akabisha mlango kwa teke kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa. Huyu alikuwa mama yake Fundi, mpishi mstaafu wa shule ya bweni. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa alikuwa anawafichia ukoko wa wali wale waliochelewa kula. Mkono mmoja alikuwa na sanduku, mwingine sufuria ambayo mtoto mchanga angeweza kuogeshwa ndani yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nipishe, mkono unakatika." Aliingia, akatua mizigo, akajifuta jasho. "Mwanangu kanipigia simu, ati amehama. Nikamuuliza, na mkamwana wangu? Kasema yupo tu. Nikamwambia basi, mimi nakwenda kwa huyo aliyepo."

Akamshika mkamwana wake kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anachagua nyanya.

"Mbona hujakonda?"

"Ninakula, Mama."

"Unakula! Mume kaondoka, mtu anakula!" Akaachia kidevu kwa uchungu, akaenda jikoni kupika.

Mkono wa Bi Ukoko haukujua kipimo kidogo. Alikuwa ameupa mazoezi ya shule nzima maisha yake yote, na jioni ile maharage yaliyotoka jikoni yalitosha ghorofa zima. Mabakuli yakaanza kutembea kwa majirani. Walipobaki wawili mezani, mahojiano yakaanza.

"Alikuwa anachelewa kurudi?"

"Hapana."

"Simu anaificha?"

"Hapana, Mama. Ilikuwa inakaa hapo mezani, hata ikiita haipokei."

"Ulimtukana? Ulimnyima chakula?"

"Hapana."

"Sasa kilichomtoa ni nini? Hata panya akihama nyumba huwa na sababu."

"Sikumuuliza."

Bi Ukoko akaweka kijiko chini. "Hukumuuliza?"

"Nilikuwa nafuma."

"Mwanangu," Bi Ukoko akasema polepole, "wenzako wanafumania, wewe unafuma!"

Neno lilimtoka kabla hajalipanga, na lilipomfikia masikioni likamchekesha mwenyewe. Alicheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongoni, akanywa maji. Mkamwana wake aliona kwamba maneno yale yanachekesha. Aliyaona kama mtu anavyoona duka lililo upande wa pili wa barabara. Hakuvuka.

Wiki zile kofia zilizidi nyumbani. Kila jioni alikuwa anaketi kwenye kochi lile lile, na kila baada ya siku chache kulikuwa na kofia mpya isiyo na mwenyewe. Bi Ukoko alizivalisha vitu: jagi la maji, taa ya mezani, chupa ya chai. "Angalau na hivi vipate joto," alisema. Hakumkataza kufuma. Alichokuwa anakitaka ni machozi. Alijaribu kumsimulia misiba ya watu. Alimkatia vitunguu karibu na uso. Siku moja alimwambia wazi: "Lia basi, mama. Majirani watasema ulikuwa humpendi."

"Nilikuwa nampenda."

"Sasa?"

"Sijui viko wapi vitu hivyo, Mama. Nikivitafuta sivioni."

Bi Ukoko hakupenda jibu hilo. Asubuhi ya pili alivaa viatu vya kutokea, akachukua mwavuli ilhali hakukuwa na wingu, akasema anakwenda kumtoa mwanamke aliyemficha mwanawe. Alirudi mchana, akaketi, mwavuli akauweka sakafuni.

"Umemkuta?" mkamwana akauliza.

"Nimemkuta mwanangu. Chumba kiko juu ya duka la betri. Kitanda, kiti, ndoo. Nikafungua kabati. Nikainama nikachungulia uvunguni, na mgongo wangu huu. Sikuona hata kitana cha kike. Nikamwambia, mtoe. Akaniuliza, nimtoe nani, Mama?" Alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi. "Amekaa kwenye kiti anatazama ukuta. Nikamuuliza unafanya nini. Kasema, nimekaa."

Akakigeuza kile kiatu, akakikung'uta vumbi.

"Ningekuta mwanamke ningejua pa kushika," Bi Ukoko akasema. "Sasa ukuta nitaushika wapi?"

Mambo ya ghala yalibadilika mwezi ule ule. Mteja mmoja alifungua boksi akakuta uzi mwekundu umegandia kwenye paja la kuku. Malalamiko yakaja ofisini, ofisi ikayashusha kwa msimamizi, na msimamizi akawakusanya wafanyakazi kabla ya zamu. Mtu huyu walimwita Jokofu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Kofia yake ilikuwa ya kijivu, haina urembo wowote. Aliwahi kuivaa hata kwenye harusi ya binti yake, na picha zipo.

"Kuanzia leo kofia za sufu ni mwiko humu ndani," Jokofu alisema, akitazama mabuti yake. "Kampuni imeleta hizi."

Zilikuwa kofia za kitambaa cheupe, zinafunika mpaka shingo, zote saizi moja. Jokofu akapita na gunia. Mmoja mmoja walivua. Vichwa vilionekana vidogo, kama vya watu walionyolewa kwa ghafla. Redio alilia kwa sauti, akasema hawezi kuvaa foronya. Mwisho Jokofu akavua ya kwake, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya nyingine kwa uangalifu, akamletea Mama Kofia gunia lile.

"Si mimi, Mama Kofia."

"Najua."

"Naomba usikasirike."

"Sijakasirika."

Alisema kweli. Aliitafuta hasira kama unavyopapasa ufunguo ndani ya mkoba, unagusa hiki na kile, ufunguo hakuna. Alipima kuku mpaka zamu ikaisha, akabeba gunia begani, akaenda nalo nyumbani.

Bi Ukoko alilifungua, akachungulia. "Hivi vyote ni vichwa vya watu?"

"Ndiyo, Mama. Wamezikataza."

"Sasa utazifanyaje?"

"Nitazifumua."

Kwanza walizifua, maana zilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya watu wengi. Wakazianika kwenye kamba kibarazani, na jirani wa chini akapanda kuuliza kama wamefungua duka. Zilipokauka, kazi ikaanza. Mama Kofia alizijua ncha zote mahali alipozificha. Anageuza kofia ndani nje, anapapasa, anachomoa ncha, anavuta. Kofia inazunguka inajila yenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka unabaki uzi uliojikunja kunja kama nywele zilizofumuliwa. Bi Ukoko alikaa mbele yake amenyoosha mikono, na uzi ukawa unazungushwa kwenye mikono hiyo.

"Mikono imekufa ganzi," Bi Ukoko alilalamika.

"Pumzika, Mama."

"Nipumzike kwa kazi ipi? Zungusha."

Katika kuzungusha huko ndipo Bi Ukoko alipomweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza.

"Baba yake Fundi alifariki siku ya shule. Nililetewa habari jikoni. Unajua nilisema nini? Nikauliza, kuni zimeshafika? Nikapika. Watoto wakala wakashiba. Ndipo nikavua aproni nikaenda kwenye msiba. Watu wakasema yule mama ana moyo wa jiwe, na mimi nikawa nawaamini, kwa sababu nilijipapasa nikaona jiwe kweli."

"Ulilia lini?"

"Baadaye sana. Nilivunja kikombe. Wala hakikuwa cha kwake."

Mkamwana akaendelea kuzungusha uzi.

Zikabaki kofia chache, ya Redio ikiwa mojawapo. Siku moja Mama Kofia akiwa kazini, Bi Ukoko akaona amsaidie. Kofia ya rangi mbili haifumuliki kwa kuvuta tu. Nyuzi mbili zinapishana kwa ndani, ukivuta moja nyingine inakaza. Alivuta, ikakaza. Akavuta kwa nguvu za mtu aliyekoroga masufuria ya shule, ikafanya fundo kubwa kama ngumi. Akaenda jikoni akachukua kisu.

Mama Kofia aliporudi alikuta bonge la uzi limewekwa mezani, duara, linapendeza. Akalichukua, akaanza kulizungusha upya. Akafika kwenye kifundo. Akazungusha tena, kifundo kingine. Akaanza kuzungusha haraka haraka.

"Mama, nini hiki?"

"Nimekusaidia ile ya yule mwenzako mwenye kelele."

"Umeukata?"

"Ulikuwa umesokotana. Nikapitisha kisu, nikaungaunga."

"Umepitisha kisu?"

"Kisu, ndiyo. Uzi si uzi?"

Mama Kofia akasimama. Bonge likaanguka likabingirika chini ya meza.

"Uzi haukatwi kwa kisu!" Sauti ilimshtua mwenyewe, hakuwa ameisikia tangu utotoni. "Uzi unafunguliwa! Unakaa nao, unatafuta mwanzo wake, unafuata taratibu! Hata kama ni siku nzima! Huwezi kukata tu! Nani alikwambia unaweza kukata tu?"

Bi Ukoko alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga. Akakaa vizuri kwenye kiti.

"Endelea," akasema.

"Na maharage! Nani anakula maharage yote haya? Nimeyachoka! Nimeyachoka tangu siku ya kwanza! Na unakoroma, Mama, unakoroma mpaka vyombo vinalia! Na mlango huu si mpira, unaupiga teke wa nini?"

"Ehee."

"Na mwanao!"

"Ehee, mwanangu. Mseme."

"Mwanao amesimama pale, pale mlangoni, na mimi namuuliza habari za pasi! Miaka yote ile, Mama, nikamuuliza pasi! Na yeye ananijibu! Mtu unamuuliza pasi anakujibu!"

Mlango ukagongwa. Jirani wa chini alichungulia, kitambaa cha jikoni mkononi. "Jamani, kuna usalama humu?"

"Usalama ndio kwanza umeingia," Bi Ukoko alimjibu. "Rudi tu, mwanangu, nitakuletea bakuli."

Jirani alipoondoka Mama Kofia akaketi chini sakafuni. Bi Ukoko alimwangalia kwa furaha isiyojificha, kama mtu aliyekuwa anabisha hodi nyumba yenye giza akasikia kikohozi ndani. Hakumgusa. Alishuka kitini, akaingiza mkono chini ya meza, akalitoa lile bonge, akampa.

"Nionyeshe basi," alisema, "linavyofunguliwa."

Usidhani ganzi iliondoka siku ile. Asubuhi alichemsha chai kama kawaida, akaenda kupima kuku kama kawaida. Ganzi ilikuwa imesogea tu, kama mtu anayekupisha kidogo kwenye benchi. Lakini hakufuma tena kwa muda. Jioni alikaa mikono mitupu, na mikono ikiwa mitupu aligundua kwamba nyumba ilikuwa kimya, na kwamba kimya kile hakikuletwa na Fundi kuondoka. Kilikuwapo tangu zamani. Sindano ndizo zilizokuwa zinakipigia kelele.

Fundi alikuja Jumapili moja mchana. Dada yake alikuwa amemlaumu kwamba amemwachia mkewe mzigo wa mama, kwa hiyo alikuja kumchukua. Akabisha hodi kwenye mlango ambao alikuwa ameufungua kwa ufunguo miaka mingi.

"Nani?" Bi Ukoko aliuliza.

"Mimi."

"Mimi wako wengi."

"Fundi, Mama."

Alifunguliwa. Alikuwa amepungua, na shati lake lilikuwa na mikunjo aliyoiahidi. Bi Ukoko alimtazama, akabetua midomo, akaenda jikoni akaacha mlango wa jikoni wazi. Fundi akaketi kwenye kiti cha pembeni, kile cha wageni.

"Hujambo?"

"Sijambo. Kazi?"

"Kazi ipo."

Fundi akasema, akiangalia sakafu: "Nilikuwa nimesimama pale nikingoja uniulize kwa nini. Nikajisemea, akiuliza, nabaki."

"Ningeuliza, ungenijibu nini?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na mkewe zamani alikuwa amempendea hilo.

"Sijui," akasema. "Ningetafuta cha kusema. Ukweli, sikuwa na kitu dhidi yako. Nilikuwa nikirudi nakukuta hapo, nakaa hapa, giza linaingia, mmoja anawasha taa. Nikaona tunaishi kama wagonjwa wawili wanaomngoja daktari mmoja. Nikadhani nikitoka nitasikia kitu."

"Ukasikia?"

"Hapana."

"Basi tumefanana."

"Mnaongea au mnasali?" Bi Ukoko aliita kutoka jikoni. "Ongezeni sauti!"

Fundi akatabasamu kidogo, na mkewe pia. Mama Kofia akaona huyu mtu si mbaya, na hakuwahi kuwa mbaya. Ndani ya vidole vyake kulikuwa na kitu kinachomchoma. Alikijua. Wa ghala wote wanakijua: kwenye baridi vidole haviumi, vinauma baadaye, nje, vikianza kupata moto.

"Unataka kurudi?" akamuuliza.

"Wewe unataka nirudi?"

"Nikisema ndiyo nitakuwa nimekudanganya. Nikisema hapana, hivyo hivyo." Alivuta pumzi. "Lakini sitaki kungoja tena daktari, Fundi. Twende tukaandikishe, tuachane kwa heri."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa na maji, nayo yalionekana kumshangaza zaidi kuliko yalivyomshangaza mkewe.

Bi Ukoko akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, twende," Fundi alisema. "Dada kakuandalia chumba."

"Mwambie dada yako nashukuru. Wewe nilikuzaa, sikuolewa na wewe. Mimi hapa ndipo ninapogombwa vizuri." Akamgeukia mkamwana wake, na kwa mara ya kwanza sauti ikapungua. "Kama wewe utakubali. Kwa haki, mimi hapa sasa si mkwe wa mtu."

"Kaa, Mama," alijibiwa. "Punguza maharage tu."

Walikwenda kuandikisha talaka siku ya kazi, kila mmoja ameomba ruhusa. Karani aliwauliza sababu, wakatazamana, wakasema hawakuelewana; karani akaandika hivyo, kwa kuwa kuandika mengine kungechukua muda. Nje wakapeana mikono kama watu waliomaliza kubeba kabati zito. Mama Kofia alipofika nyumbani alimkuta Bi Ukoko amejilaza kwenye kochi, macho mekundu, kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

"Yamekwisha?"

"Yamekwisha."

"Ulilia?"

"Hapana, Mama."

"Mimi nimelia tangu ulipotoka. Nimekulilia wewe, nikamlilia na yeye, kisha nikaona na baba yake nilimpunja, nikamwongezea. Nimechoka. Kichwa kinaniuma."

Mama Kofia akamvua viatu, akaketi miguuni pake, akamkanda nyayo mpaka mtu mzima yule akasinzia na kuanza kukoroma. Hakumwamsha.

Kampuni haikubadili amri yake, na ghalani mpaka leo wanavaa kile kitambaa cheupe. Redio ameshonea chake vifuniko vya masikio kwa siri, na Jokofu anajifanya haoni. Mama Kofia alirudi kufuma msimu uliofuata, kofia moja kwa muda mrefu, akifumua akiona imepinda, akiacha siku nyingine mikono ikae bure. Bi Ukoko alijifunza kroshia kwa matusi mengi, na anachojua kutengeneza mpaka sasa ni kitu cha duara ambacho hakijaamua kama ni kofia au kishikio cha sufuria.

Fundi huja Jumapili kumsalimia mama yake. Anakaa, anakula, anaondoka. Hivi karibuni jirani mpya aliyehamia upande wa pili wa ngazi alimuuliza Mama Kofia, kwa udadisi wa mtu asiyejua, yule mwanaume anayekuja Jumapili ni nani wake.

Alifikiri kidogo. "Ni mtoto wa mama ninayeishi naye," akajibu, akaingia ndani kutoa nguo kwenye maji.